Mvinyo Usiokataa Sahani

Lebo ya nyuma ya mvinyo mweupe wa Penedès, kule Katalunya, ina adabu za mgombea ubunge: haimkatai mtu. Humo chupani mna zabibu aina tatu, Macabeo, Xarel·lo na Parellada, zile zile za cava, mvinyo wa povu wa huko. Xarel·lo hutoa ukali na uzito, Parellada wepesi na harufu ya maua. Kazi nzuri, tena ingetosha. Lakini lebo yaendelea: unafaa kwa samaki, kamba, kuku, saladi, jibini, wali na “vyakula vya Asia”. Asia yote, jamani, Uturuki hadi Japani!

Chakula cha nyumbani kwake, xató, hakitajwi: majani machungu, chewa wa chumvi, jodari, dagaa wa chumvi, na mchuzi wa lozi, kitunguu saumu, pilipili kavu na siki. Miji ya Sitges, Vilanova na Vilafranca bado inagombania nani alikianzisha. Huenda lebo inaiogopa ile siki.

Mwisho inashauri uunywe mvinyo ukiwa baridi sana. Hapo sina ubishi. Ukigandisha ulimi vya kutosha, mvinyo huu utafaa hata kwa keki ya harusi.