Kwa Heshima ya Soda

Wengi husifiwa bila kustahili. Soda inastahili na haisifiwi. Wataalamu wa lishe huisema kila kukicha, mawaziri wa fedha huiwinda kila bajeti, na bado hakuna harusi, kipaimara wala kikao cha mahari kinachokamilika kabla kreti hazijashushwa. Mgeni hajakaa vizuri, mtoto keshatumwa dukani. Kitu kinachopendwa hivi na kusemwa hivi kinahitaji wakili, nami najitolea. Hoja yangu ni moja: katika vyote tunavyoingiza tumboni, soda ina adabu ya pekee ya kupita bila kudai nafasi.

Ugali hauna adabu hiyo. Matonge machache na maharage, tumbo linaanza kugoma. Mwaka 2000 DiMeglio na Mattes wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha jaribio dogo la watu 15 waliopewa kilokalori 450 za ziada kila siku: wiki nne kwa peremende laini, wiki nne kwa soda. Walipotafuna, walipunguza vyakula vingine bila kuagizwa. Walipokunywa, hawakupunguza chochote, na uzito ukapanda. Iliyotafunwa ilipiga hodi. Iliyonywewa iliingia kimya, na chakula kikaliwa chote. Uholanzi nako, watoto 641 walipewa kinywaji cha mililita 250 kila siku kwa miezi 18, wengine chenye sukari na wengine kisicho nayo, bila kujua nani kapewa kipi. Matokeo yalitoka 2012: waliopata sukari waliongezeka takriban kilo moja zaidi ya wenzao. Ukarimu wa namna hii, wa kumwongezea mtoto kilo bila kumharibia hamu ya chakula cha jioni, huupati kwenye kiazi.

Wanaojiita marafiki wa soda ndio wanaoidhalilisha. Husema sukari ni nguvu tu kama nguvu nyingine, kalori ni kalori, na hushikilia mapitio ya tafiti ya mwaka 2013 yaliyoongozwa na Lisa Te Morenga wa New Zealand, ambayo yalionyesha kuwa sukari ikibadilishwa na wanga mwingine wenye kalori zilezile, uzito haubadiliki. Ni kweli. Lakini kuilinganisha soda na kiazi ni kuitukana, maana fahari yake ni kwamba haibadilishani na chochote. Nani amewahi kukataa pilau kwa sababu amekwisha kunywa soda? Mapitio hayohayo yalionyesha kuwa watu wanaojilia wapendavyo wakiongeza sukari, uzito hupanda kwa wastani wa kilo 0.75, na wakiipunguza, hushuka karibu kiasi hichohicho.

Wala wema wake hauishii kiunoni. Karibu nusu ya sukari ya soda ni fruktosi, na sehemu kubwa ya fruktosi hushughulikiwa na ini. Ikija kwa wingi na kwa kasi, ini huigeuza nyingine kuwa mafuta. Mafuta yakijaa humo, ini hukaidi amri ya insulini na kuendelea kumwaga glukosi kwenye damu, huku kongosho likihangaika kuongeza insulini hadi lichoke. Mwaka 2010 Vasanti Malik na wenzake walijumlisha tafiti zilizofuatilia watu zaidi ya 310,000: waliokunywa vinywaji vya sukari mara moja au mbili kwa siku walikuwa na hatari ya kisukari cha aina ya pili kubwa kwa asilimia 26 kuliko wasiokunywa au waliokunywa kwa nadra. Mpinzani atasema huenda wanywaji hao pia huvuta sigara na hawatembei. Pingamizi la haki. Kwa bahati mbaya, vita viliwahi kufanya jaribio ambalo hakuna aliyejichagulia upande. Uingereza iliweka sukari kwenye mgao tangu 1940 hadi Septemba 1953, na mgao ulipoondolewa, ulaji wa sukari ulikaribia kuwa maradufu. Mwaka 2024 Tadeja Gracner na wenzake walionyesha katika jarida la Science kuwa waliotungwa mimba na kuanza maisha ndani ya mgao walikuwa na hatari ya kisukari hicho ukubwani ndogo kwa asilimia 35 hivi kuliko waliokuja baada yake, na waliougua waliugua wakiwa wamechelewa takriban miaka minne. Hapo ni sukari yote, ya jemu na biskuti pia. Soda, kwa unyenyekevu, hugawana sifa na ndugu zake.

Atasimama mtu aseme wazee wetu walikunywa chai tamu na hawakuugua. Vikombe vitatu vya vijiko viwili viwili ni gramu 24 hivi, palepale kwenye 25 ambazo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kuwa ni vyema mtu asizivuke kwa siku. Chupa moja ya kola ya mililita 350 ina zaidi ya 35. Tena msuli unaolima huvuta glukosi hata insulini ikiwa kidogo. Wazee walikuwa na jembe. Sisi tuna kiti na bodaboda, na soda haikututupa tulipohamia mjini. Mwingine atataja matunda. Muwa ukiutafuna, taya huchoka mapema. Ukiupitisha kwenye mashine pamoja na tangawizi na ndimu, umepata binamu wa soda, naye nampa sifa zilezile.

Kilichobaki ni wivu wa serikali. Mexico ilianza Januari 2014 kutoza peso moja kwa lita, na ununuzi ukashuka. Uingereza ndiyo iliyokosa heshima zaidi. Kodi yake ya Aprili 2018 ilitoza peni 24 kwa lita ya kinywaji chenye gramu 8 au zaidi za sukari katika kila mililita 100, na kusamehe kilicho chini ya gramu 5. Watengenezaji wengi, baada ya miaka na miaka ya kutangaza ladha isiyo na mfano, walipunguza sukari hata kabla sheria haijaanza kutumika. Ladha isiyo na mfano, kumbe bei yake ilikuwa peni 24.