Wati Elfu Kumi za Punda

Gatini Lamu, baada ya alasiri. Boti ya Mokowe imeshusha magunia ya unga, kreti za soda, godoro la mtu, spika ya plastiki yenye magurudumu na taa za rangi, na sanduku jeusi refu lenye spika nane tumboni. Mwenye mali ni kijana aliyevaa fulana nyeusi na buti katika joto hili. Ataka kuunda bendi ya hevi metali, yeye awe mpiga besi, na hajaamua ni mashine ipi kati ya hizo mbili itakayobaki naye. Amekwenda kutafuta hamali. Punda amefungwa kando. Ngoma ya vumi imeegemezwa ukutani, yarudi kutoka harusini Matondoni. Paka amelala juu ya godoro.

PUNDA: Haya, nani wa kubebwa kwanza? Semeni uzito, majina mtajiwekea.

SANDUKU: Taratibu, ami. Mimi si mzigo, mimi ni nasaba. Ukoo wetu ulianza Marekani mwaka 1969, Ampeg walipotoa mashine ya SVT: wati 300 za vali, na chini yake masanduku ya spika nane za inchi 10. Rolling Stones walizunguka nayo Marekani mwaka uo huo. Wapiga besi hutuita jokofu.

PAKA: Mna samaki ndani?

SANDUKU: Hapana.

PAKA: Basi jokofu la nini?

PUNDA: Huyo wa 1969 ni babako, au ni jirani ya babako?

SANDUKU: Mimi... nilichongwa na seremala, Mombasa. Lakini vipimo ni vile vile! Na nimetumika kanisani miaka mingi.

PUNDA: Usione haya. Wapiga besi wengi wa nchi hii vidole vyao vimefunguliwa na kwaya. Kanisani angalau watu hufanya mazoezi kila wiki. Nimekuuliza uzito.

SANDUKU: Kilo 63 hivi. Hiyo ni bila kichwa, yaani amplifaya yenyewe. Kichwa cha vali chataka karibu 40 zake.

PUNDA: Kilo mia na ushei, kwa nyuzi nne! Na mwenyewe fulana tu ndiyo aliyobeba. Wajua kwa nini pale ukingoni kuna kliniki ya punda tangu mwaka 1987? Waliijenga wageni kutoka Uingereza walioona migongo yetu. Wenyeji walikuwa wakiiona kila siku.

SPIKA YA TAA: Poleni nyinyi wa zamani. Mimi nina magurudumu, rimoti, taa saba, karaoke na Bluetooth. Na someni hapa usoni: WATI 10,000!

PUNDA: Mashallah. Hebu geuka. Ala! Hapa nyuma, kwa herufi za sisimizi, pameandikwa unavuta wati 80 ukutani. Wavuta 80, watoa 10,000. Hizo nyingine wakopeshwa na jini gani?

SPIKA YA TAA: Hiyo ni PMPO. Ndicho kipimo cha kisasa.

PUNDA: Tuseme wamekuachia soketi nzima. Plagi ya Kenya ina fyuzi ya ampea 13, stima ni volti 240. Zidisha: wati 3,120. Huo ndio mwisho wa kila kitakachopita katika tundu lile, na ukishikilia kuzidisha, fyuzi yakatika. Birika la chai laijua hesabu hii. Pasi yaijua. Wewe mwenye taa saba hujafundishwa?

SPIKA YA TAA: PMPO ni nguvu ya ile nukta moja, kabla ya...

PUNDA: Kabla ya kuungua, sema. Nimekuelewa, na nimependezwa. Wazungu walipima nguvu ya farasi wakaiita wati 746. Mimi punda nipe robo yake, sitabishana. Lakini mtu akinikanyaga kwato, lile teke la nukta moja, je? Basi kuanzia leo niandikwe ubavuni: PUNDA, WATI 10,000, PMPO. Nikirusha miguu yote miwili ya nyuma, hiyo ni stirio.

PAKA: Na ukilia huku warusha?

PUNDA: Karaoke. Na aliyepigwa akiona nyota, hizo ni taa, zimo katika bei.

VUMI: Yatosha, Punda.

PUNDA: Bado Bluetooth, bibi. Nimpige huyu, uchungu aupate yule wa upande wa pili.

VUMI: Nimesema yatosha. Nyote mwazungumza nguvu, hakuna aliyetaja sauti. Nisikizeni mimi ambaye kazi yangu ni kunguruma chini ya chapuo. Uzi mnene wa gitaa la besi hutikisika mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake moja lina urefu wa mita 8 na kitu. Ndiya gani ya muyi huu ina upana huo? Nyingi ukutanapo na punda wajibandika ukutani. Kusukuma wimbi kama hilo kwataka spika pana na sanduku lenye nafasi. Kisha sikio la mwanadamu ni zito kwa sauti nzito. Ndiyo maana mpiga gitaa atosheka na wati 50, na mpiga besi aliye kando yake ahitaji mara kadhaa ya hizo ili wasikike sawa.

SANDUKU: Umesikia? Mimi ndiye mwenye haki!

VUMI: Sijamaliza, mwanangu. Ukiongeza wati mara mbili, tofauti yasikika kidogo tu. Sikio likiri kwamba sauti imekuwa mara mbili, zatakiwa wati mara kumi. Kwa hiyo mtu anayeuza figo apate kutoka wati 300 kwenda 500 amenunua kitu ambacho wasikilizaji hawatakitambua. Tazama siwa ya Pate, lile baragumu: ni ya pembe za ndovu, yapita mita 2, na yajazwa kwa pumzi ya mtu mmoja. Wala haikupulizwa kila mtu alipojisikia, ilingoja yambo lenye uzito.

PUNDA: Nami niongezee. Muziki huu wa hevi metali ulianzia Birmingham, mji wa viwanda. Mpiga gitaa Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati. Akajitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akalegeza nyuzi zisimuumize. Geezer Butler naye akalegeza besi amfuate. Albamu ya kwanza ya bendi yao, Black Sabbath, ilitoka 1970. Uzito wenyewe una asili ya kidonda, na kidonda hakiuzwi dukani pamoja na waya. Kisha njoo kwa Lemmy wa Motörhead: aliichomeka besi yake katika Marshall, akajaza sauti za kati mpaka ikakwaruza kama gitaa. Vijana wetu wafanya kinyume. Huzizima za kati, hupandisha za chini na za juu, kwa sababu chumbani peke yake yapendeza. Aje mpiga gitaa aliyelegeza nyuzi, aje mpiga ngoma wa miguu miwili, besi yazama isionekane hata mlingoti. Yeye asemaje? "Amplifaya yangu ndogo." Auza simu, anunua kubwa zaidi. Yazama tena, kwa bei mpya.

SANDUKU: Wewe wajua mno kwa punda.

PUNDA: Nimebeba vitu vya mafundi wa redio, wao husema ovyo wakidhani sisikii. Nilimbeba pia mmoja wa kabila lako, kichwa cha Marekani cha volti 120. Mwenyewe alikichomeka moja kwa moja katika 240. Kilipiga noti moja. Nzuri sana, ila ndiyo ya mwisho.

PAKA: Kile cha vali, hupata joto?

SANDUKU: Joto kali. Vali zawaka kama taa.

PAKA: Basi mimi nachagua hicho. Sijasikia hoja nyingine ya maana tangu tuanze.

PUNDA: Joto, uzito, na vioo ndani ya boti, kisha chumvi ya bahari ikile miguu ya vali. Siku hizi kuna vichwa vya transista vya kilo 3, wati 500 za kweli, mtu huvivaa begani kama mkoba wa madrasa. Mwenye kutaka mkwaruzo wa vali ajipatie kisanduku cha kukanyagia. Darkglass wa Helsinki wamejipatia jina kwa visanduku vya hivyo tu, na siri yao haina uchawi: sauti yagawanywa, ya chini ibaki safi, mkwaruzo upakwe juu yake. Kichwa cha namna hiyo na spika nne za inchi 10 vyatosha kumkabili mpiga ngoma yeyote aliye na leseni. Ukumbi ukiwa mkubwa, fundi mitambo huchukua waya wa besi aupeleke kwenye spika za ukumbi. Watu wa nyuma hawasikii jokofu lako hata kidogo. Hulitazama tu.

SANDUKU: Na kama tutakuwa wawili, mimi na pacha wangu?

PUNDA: Wewe ni omu 4, naye omu 4. Mkiunganishwa sambamba mwawa omu 2, na mashine isiyostahimili chini ya 4 itajizima au itaungua. Hilo nalo halimo katika picha.

SPIKA YA TAA: Hata hivyo harusi ya leo usiku wamenikodi mimi.

VUMI: Walinikodi mimi kwanza.

SPIKA YA TAA: Wamesema wewe husikiki.

PUNDA: Hapo ndipo ninapotaka kurusha teke la kweli! Bibi huyu asikika tangu kabla ya ukuta ule kujengwa. Asiposikika ni kwa sababu wewe umewekwa mita mbili kutoka kwake ukaachwa ungurume. Mwanasiasa akija na zawadi kwa vijana, huleta spika, apigwe picha nayo, na mpiga ngoma alipwe soda. Mwenye harusi hulipia taa, kisha avuta bei ya wanavugo kama anunuaye ndizi. Zein wa Amu, aliyefariki mwaka 2016, alisikika pwani nzima kwa udi. Wale wawili wa Nairobi waliojiita Duma, mwaka 2020 walitoa albamu kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kelele iliyosikika na kusifiwa hadi Ulaya, na kilichowafikisha ni koo, gitaa na kompyuta. Jokofu hawakuwa nalo! Na huyu wetu? Nimeuona mkoba wake. Nyuzi za besi zina kutu, hajazibadilisha tangu azinunue. Hana mpiga ngoma. Hana wimbo. Ana jina la bendi, ana fulana yenye jina la bendi, na sasa ataka mgongo wangu! Mwaona haya kuitwa wanafunzi, hamuoni haya kuitwa wenye deni. Nendeni mkakae na nyuzi hizo miezi sita katika chumba kimoja na mtu anayejua kuhesabu, muone kama mtaniita tena gatini. Mwanunua ukumbi kabla ya...

PAKA: Ami, waja.

Kijana na hamali wafika. Hamali azunguka mizigo, mikono kiunoni, kama aonaye nyumba ya kupanga.

HAMALI: Hili jeusi nitakufanyia mia tano. Hiki cha taa elfu mbili.

KIJANA: Kinyume chake, bwana! Hicho cheusi ndicho kizito. Hiki cha plastiki hata mtoto akisukuma.

HAMALI: Mimi najua kusoma. Hapa pameandikwa elfu kumi. Mzigo wa elfu kumi nikubebee kwa mia?

KIJANA: Hizo si kilo, ni wati!

HAMALI: Wati ni nini?

KIJANA: Ni nguvu yake.

HAMALI: Basi ndiyo hatari zaidi. Chenye nguvu elfu kumi kikinirukia njiani? Elfu mbili na mia tano.

KIJANA: Jamani, hizo nguvu si za kweli! Zimebandikwa tu, kila mtu anajua! Geuza nyuma usome, ni themanini!

SPIKA YA TAA: Mwambie anyamaze.

HAMALI: Themanini? Na wewe ulikinunua kwa bei ya themanini au ya elfu kumi?

Kijana hajibu. Atazama bahari, atazama boti iliyokwisha kugeuza omo kurudi Mokowe.

PUNDA: Paka, toka kwenye godoro la watu. Hilo nalibeba bila ubishi.