Kitundu

Jumatatu iliyopita, nikitoka mtaani kwetu Katindo kuingia barabara ya Sake, nilikanyaga freni mguu ukazama mpaka kwenye zulia, kama mtu aliyekanyaga embe bovu. Mbele yangu kulikuwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imebeba magunia manne ya makala. Nikakanyaga tena, na tena, na gari likasimama limelibusu gunia la mwisho. Mwenye chukudu akageuka. Hakunitukana. Alilitazama gari langu, akakitazama kile kipande cha tairi anachokikanyaga yeye juu ya gurudumu la nyuma akitaka kusimama, akatikisa kichwa na kuendelea na safari yake. Afadhali angenitukana.

Gari lenyewe ni Corolla ya mwaka 1996. Lilitoka Japani na usukani wake wa kulia, na huku kwetu tunaendesha kulia, kwa hiyo nikitaka kulipita lori sharti mama watoto achungulie kwa niaba yangu. (Siku tukiwa tumegombana huniambia "pita" kwa sauti nisiyoiamini.) Lakini sithubutu kulisema vibaya sana. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano yetu, Nyiragongo, kutapika, mitaa kumi ya Goma iliamriwa kuhama. Katindo haikutajwa; tukahama vilevile. Gari hili lilibeba watu tisa, magodoro mawili na kuku hadi Sake, mwendo wa kilomita zaidi ya ishirini, na magari ya wakubwa tuliyaacha njiani yamefungua boneti yakitoa mvuke. Tangu siku hiyo nalisamehe mengi.

Basi Jumatatu hiyo nililala chini yake juu ya katoni. Ile tiyo nyembamba inayopeleka likidi ya freni nyuma, upande wa kulia, ilikuwa imeota magamba kama samaki. Pale inapobanwa na kishikizo kulikuwa na donge la matope meusi ya lava, la miaka sijui mingapi. Nikalibandua kwa ukucha, na gamba likaja pamoja nalo. Chini ya gamba kikatokea kitone, kikanenepa polepole, kikanidondokea kwenye paji la uso.

Sasa niseme la moyoni. Watu wa mbali wakisikia volkano wanafikiria siku za moto tu: 17 Januari 2002, 22 Mei 2021. Hawajui kwamba mlima huu hula hata siku za kawaida, taratibu, kwa kijiko. Moshi wake una salfa, na salfa ikikutana na mvua, mvua inashuka na ukali wa ndimu. Imenilia mabati mara mbili. Imenilia bawaba za mlango na waya wa kuanikia nguo. Sasa imeingia uvunguni mwa gari. Nilimweleza fundi nadharia hii kwa kirefu, hadi na mikono. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Papa, hii gari iko na miaka karibu makumi tatu. Usisingizie mulima."

Habari zilishaenea, na majirani wakaja na dawa. Wa kwanza alileta kipande cha sabuni. Aliwahi kuzibia tanki la mazuti, ikashika miezi miwili. Wa pili alileta mpira wa ndani ya baiskeli, tufunge na kukaza. Wa tatu akasema tuanze kwa maombi, na nikifikiri vizuri, yeye ndiye peke yake ambaye hakutaka kuniua.

Fundi naye alikuwa na njia yake. Anaikata tiyo, anaikunja mara mbili, anaigonga nyundo, basi. Gurudumu hilo linabaki bila freni, mengine matatu yanaendelea na kazi.

"Hii ni kitundu tu, Papa. Kitundu kidogo. Tunafunga, tatu zinatosha. Chukudu iko na ngapi?"

Chukudu tena! Nilimwuliza gari litavuta upande gani siku nitakapokanyaga kwa nguvu mvua ikinyesha. Akajibu kwamba nitazoea. Ndipo akaja na rai ya pili: shaba ya friji. Inapinda kirahisi, inang'aa, bei yake rafiki. Nilimwambia mimi pia naiheshimu shaba ya friji, ila sijawahi kuona friji inashuka kutoka Kibumba na abiria watano.

Tukaenda kwenye maduka ya Birere kutafuta tiyo. Muuzaji wa kwanza alinitolea tiyo ya gari lililochinjwa, urefu uleule, umbo lilelile, na kutu ileile. "Origine," akasema, "ya Japani kabisa." Yaani niuziwe ugonjwa ninaoumwa! Duka la nne ndilo lililokuwa na koili mpya, tiyo halisi ya freni, nikanunua na chupa tatu za likidi.

Kufungua ile nati ya zamani kulichukua siku nzima. Ni nati ya namba 10, ndogo kama punje ya hindi, na kutu ilikuwa imeifanya kitu kimoja na tiyo. Fundi akaitia spana, spana ikateleza, kona za nati zikaanza kuwa duara. Akaimwagia mazuti tukalala. Kesho yake akaipasha moto, akaiminya na koleo, ikazunguka, na tiyo ikazunguka nayo, ikajisokota kama kamba ya mbuzi, ikakatika. "Imekubali," akasema.

Lakini kuna jambo moja ninalomheshimu nalo. Ana kile kibano cha kutanua mdomo wa tiyo. Anakaza polepole, jicho moja limefumba, mdomo unafunguka kama tarumbeta, halafu anaukunjia ndani ukae mara mbili, maana mdomo wa mkunjo mmoja hupasuka. Alitengeneza upande wa kwanza, akatengeneza wa pili, safi, bila ufa. Akaniinulia nione. Nilikuwa naanza kumsifu nilipoziona nati mbili juu ya tofali. Nati huvishwa kwanza, ndipo mdomo utanuliwe. Tukaangaliana. Akakata mdomo mmoja, akazivisha, akaanza upya, na tiyo ikawa fupi kwa vidole viwili.

Kutoa hewa kulimwangukia kijana wangu, yeye ndani kwenye pedali, fundi chini na bomba la plastiki. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Mpaka leo watoto wa mtaa wakiniona napita wanaimba hivyo.

Freni ikapanda juu, ngumu kama jiwe. Nikazunguka mtaa mara tatu, nikisimama pasipo sababu, kwa raha tu. Niliporudi nikampa fundi noti ya dola 20. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaishika noti kwa ncha za vidole, akaielekeza kwenye jua. Akaigeuza. Akaisogeza karibu na jicho, lilelile la tarumbeta.

"Papa," akasema kwa huzuni, "hii iko na kitundu."

Nikamwambia aikunje mara mbili, aigonge nyundo. Hakucheka.