Mgonjwa 6C51 Anaomba Vipimo Virudiwe

Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Afya Duniani,
Geneva, Uswisi.

YAH: MALALAMIKO YA MCHEZAJI GEMU KUHUSU UGONJWA ALIOPEWA

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Mei 2019 mkutano wenu mkuu ulikaa hapo Geneva ukapitisha toleo la 11 la kitabu cha kuainisha magonjwa, na humo mkanitengea namba: 6C51, ugonjwa wa kucheza gemu. Tangu Januari 1, 2022 namba hiyo inatumika rasmi. Nashukuru. Nacheza tangu enzi za zile kaseti ambazo lebo iliahidi gemu 9999, ukizichomeka unakuta saba zinazojirudia kwa majina tofauti, na miaka yote hiyo hakuna ofisi yoyote iliyowahi kunitambua. Mama alinitambua mapema kuliko nyinyi, ila yeye hakutumia namba. Alitumia ndala.

Dalili zenu nimezisoma. Ni tatu: mtu ashindwe kujizuia, gemu itangulie mbele ya mambo mengine ya maisha, na aendelee kucheza hata baada ya kuona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imeonekana kwa miezi 12 au zaidi, na maisha yake yawe yamevurugika kweli. Hapo sina ugomvi. Wagonjwa wapo, nimewaona. Ugomvi wangu ni kwamba mmemlaza mchezaji kitandani mkampima toka unyweleni hadi ukuchani, huku gemu yenyewe imekaa nje kwenye benchi la wasindikizaji, haijaulizwa hata jina. Kwa kuwa nimeishi nazo muda mrefu kuliko wataalamu wenu, nawaletea mafaili yake.

Naanza na Tetris. Aliitunga Alexey Pajitnov mwaka 1984 huko Moscow, akiwa mtumishi wa Akademi ya Sayansi ya Kisovieti, kwenye kompyuta ambayo haikuweza hata kuchora. Matofali yalikuwa alama za mabano tu. Hakuna gemu iliyowahi kunishika kama hii. Nikifumba macho usiku, matofali yanashuka ukutani. Mkiipima kwa hasira mtaifungia. Lakini Tetris ina adabu yake: inaongeza kasi mpaka ikushinde, ikikushinda inakwambia umekwisha, basi, unainuka kwenda kuoga. Haikuuzii lile tofali refu unalolisubiri. Na Desemba 2023 mvulana wa miaka 13 wa Oklahoma, Marekani, aliicheza ile ya Nintendo mpaka ngazi ya 157, gemu ikaganda. Pale aliyezidiwa hakuwa mtoto. Je, kitabu chenu kina namba ya gemu iliyoshindwa kuendelea kuchezwa?

Yule nyoka wa Nokia, aliyekuja na simu ya 6110 mwaka 1997, simpotezei muda. Alikuwa wa kusubiria foleni. Foleni ikisogea, unamwacha ajing'ate mwenyewe.

Kuhusu Tekken 3 nina msimamo ambao sitaulainisha kwa sababu za kidiplomasia. Mtu anayemchagua Eddy Gordo, akabonyeza vitufe vya mateke bila mpango wowote, kisha akashinda na kuinuka kushangilia, anastahili namba yake peke yake katika kitabu chenu. San Andreas ya 2004 nayo tuliicheza miezi na miezi bila kuimaliza, kwa kuwa nusu yetu tulikuwa tunaendesha magari tu mjini tukisikiliza redio. Nusu nyingine ilikwama kwenye kazi ya kuifukuza treni, pale Big Smoke anapokaa nyuma ya pikipiki akipiga risasi hewani, halafu lawama anamtupia dereva. Nilipoteza likizo nzima kwa ajili ya mtu yule mnene. Hata hivyo gemu ile ukishainunua ilikuwa imekwishanunuliwa. Haikukufuata kitandani kukumbusha kwamba ofa inaisha saa sita usiku.

Faili nene kuliko yote ni la mpira. Hapa nawaomba mshuke kidogo mje kwenye banda la gemu, maana ndiko zahanati yetu ilikokuwa. TV ya chogo, benchi la watu watatu limekaliwa na sita, pedi ambayo alama ya pembetatu imefutika zamani, na mwenye banda pembeni na daftari lake la madeni. Gemu ilikuwa PES 6 ya Konami, mwaka 2006. Leseni zilikuwa haba, kwa hiyo Chelsea iliitwa London FC na Liverpool iliitwa Merseyside Red, na hakuna aliyedai kadanganywa. Adriano wa Inter alipiga mashuti ambayo kipa kazi yake ilikuwa kuokota mpira wavuni. Mabanda mengine yalipiga marufuku kumtumia. Naihesabu hiyo kuwa sheria ya afya ya jamii, na ilitekelezwa bila semina.

Tiba yenyewe ilikuwa fupi. Anayefungwa anaachia pedi. Ukitaka kurudi unalipa tena, mbele za watu, na mwenye banda anauliza kwa sauti kama ile ya jana umeshaimaliza. Nilimwona kijana mmoja aliyefungwa mfululizo akitoa sarafu za mwisho mfukoni. Mwenye banda akazitazama, akazisukuma zirudi kwa mwenyewe, akamwambia, "Hiyo nauli, mdogo wangu. Kapande gari, njoo kesho." Kijana akanuna, akaenda. Mwenye banda yule hajawahi kusikia habari za dalili tatu, na biashara alikuwa anaitaka kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Tofauti ni kwamba alikuwa anamwona mteja uso kwa uso.

Sasa banda limehamia kwenye simu na mwenye banda hayupo. Candy Crush ilipotoka mwaka 2012 ilikuja na roho tano. Ukizimaliza, kila moja inarudi baada ya dakika 30. Nilipoona hivyo nilidhani wametumia ushauri wa daktari. Kumbe usipotaka kusubiri, unalipa. Someni tena taratibu, Mheshimiwa: gemu inakuzuia kucheza, kisha inakuuzia ruhusa ya kulivunja zuio lake yenyewe. Mwenye banda wetu angefanya hivyo, mtaa ungemkalia kikao.

Mpira nao ukaja na pakiti. Unalipa kwanza, ndipo unafungua kuona umepata mshambuliaji wa maana au beki wa daraja la pili. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilizichunguza gemu kadhaa, FIFA 18 ikiwamo, ikasema pakiti za namna hiyo ni kamari. Januari 2019 EA, kampuni yenye FIFA, ikaacha kuuza huko zile pointi za kununulia pakiti. Nikafungua kitabu chenu nione kamari mmeiweka wapi. Ni 6C50. Mimi ni 6C51. Mlijua kabisa tunakaa mlango kwa mlango, ila hamkuuliza nani katoboa ukuta.

Basi chukueni zile dalili tatu mumwite mtengenezaji akae kitandani pangu. Kushindwa kujizuia: gemu ya mpira inatoka kila mwaka, nywele za wachezaji zimechanwa upya, kasi imepunguzwa kidogo kufidia ile waliyoiongeza mwaka jana, na bei ni ya kitu kipya. Kutanguliza gemu mbele ya yote: muulizeni ni saa ngapi usiku simu yangu hupokea taarifa zake. Kuendelea licha ya madhara: Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 katika shauri na Tume ya Biashara ya Marekani, na milioni 245 kati ya hizo zilikuwa za kuwarudishia wachezaji walionunulishwa vitu wasivyokusudia kwa ujanja wa vitufe. Duka lao mpaka leo liko wazi. Miezi 12 wamekwishaimaliza.

Najua nanyi mna magumu yenu. Machi 2020, miezi 10 tu baada ya kunipa namba, mliunga mkono kampeni ya kampuni kubwa za gemu ya kuwahimiza watu wakae ndani na wacheze, kila mtu kwake lakini pamoja. Nilitii. Ndiyo dawa pekee kutoka kwenu ambayo dozi niliimaliza.

Mkitaka tiba ya kweli, iliandaliwa mwaka 1995 na wanamazingaombwe Penn na Teller, ingawa haikufika madukani. Inaitwa Desert Bus. Unaendesha basi tupu kutoka Tucson hadi Las Vegas kwa saa 8 za kweli, jangwani, barabara imenyooka, gemu huwezi kuisimamisha kwa muda, na basi linavuta kulia kidogo ili usithubutu kuuacha usukani. Ukifika unapewa pointi 1, kisha unageuza. Aliyewahi kutoka Dar kwenda Mwanza kwa basi ataimaliza kwa dharau, lakini wengine ingewatoa kabisa kwenye gemu. Tatizo ni wachezaji. Tangu 2007 kuna kundi linaloicheza kila mwaka kwa siku kadhaa mfululizo, watu wanachangia ili waendelee kuteseka, na fedha zinakwenda kwa watoto waliolazwa hospitalini. Yaani wagonjwa wenu wanachangia hospitali.

Ombi langu ni moja. Mtakapoketi tena kukipitia kitabu, mtengenezaji naye apewe namba yake, na kama nafasi zimejaa niko tayari kugawana naye hii yangu. Mmeshaigawa wenyewe: 6C51.0 kwa anayecheza zaidi mtandaoni, 6C51.1 kwa asiye mtandaoni. Majibu yaje kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

6C51.0
(kifurushi kikiisha, 6C51.1)