Namna ya Kuwa Mteja Mbaya wa Tapeli

Tapeli wa simu anapenda watu wema. Anapenda mtu anayeitikia shikamoo ya asiyemjua, anayesikiliza mpaka mwisho, anayeona haya kukata simu, na anayesema kweli akiulizwa. Tumelelewa hivyo wote, na ni kupitia malezi hayo anatupata. Kwa hiyo leo nakufundisha tabia mbaya: uongo, uvivu, ufidhuli na ubahili. Zishike barabara, na tapeli ataona anamaliza vocha yake bure, ahamie namba inayofuata.

Hatua ya kwanza: zaliwa siku nyingine

Najua hutaacha kujiposti. Siku yako ikifika unataka keki, unataka mishumaa, unataka watu mia wakuandikie "ishi sana". Nami sikukatazi, maana sifa ni tamu. Nakuomba jambo moja tu: chagua siku ya uongo. Kama ulizaliwa Machi, sherehekea mtandaoni Septemba. Wanaokupenda watakupongeza vilevile, na keki haitaharibika.

Sababu iko kwenye kitambulisho chako. Kwa Mtanzania, namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ukiitangaza siku hiyo pamoja na mwaka, umeshamwandikia mwizi tarakimu 8 kati ya 20. Halafu kuna namba ya siri. Wengi wetu tunatumia mwaka wa kuzaliwa kwa sababu hausahauliki, na anayeiba pochi yenye simu na kitambulisho anaanza na huohuo. Weka namba isiyohusiana nawe, wala na mkeo, wala na kifungua mimba wako, wala na mwaka ulionunua kiwanja.

Endelea kudanganya. Akaunti ya mtandaoni ikikuuliza swali la usalama, kama jina la shule yako ya msingi, usitaje shule. Shule yako iko kwenye ukurasa wako wa Facebook, tena na picha ya darasa la saba. Jibu "ugali wa muhogo". Mashine haitakuja kijijini kukagua. Kazi yako ni kukumbuka uongo wako tu.

Hatua ya pili: kuwa mvivu wa kulipa

"Ile hela nitumie kwenye namba hii, ile nyingine ina shida." Ujumbe huu unarushwa kwa watu wengi mno kwa siku moja, bila kujua nani ni nani. Unafanya kazi kwa sababu saa yoyote ile kuna mtu ameahidi kutuma ada, kodi ya nyumba au hela ya mafundi. Mtu huyo akiupata anashukuru kukumbushwa, anatuma hapohapo.

Wewe usitume. Kaa. Mwenye nyumba anayedai kodi yake hana haja ya meseji, atapiga mwenyewe, na sauti yake unaijua. Deni la kweli halijawahi kupotea kwa kusubiri saa mbili. Ujumbe wenyewe upeleke kwenye namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na walio Kenya kwenye mtandao wa Safaricom waupeleke 333. Wala usimdhanie huyu mtu kuwa bingwa wa kompyuta kutoka ng'ambo. Taarifa za TCRA za kila robo mwaka zimeitaja mara kwa mara mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa namba za utapeli. Ni mtu wa hapahapa, mwenye simu ndogo na muda mwingi.

Ikiwa anajifanya ndugu ("Mama, simu yangu imeharibika, hii ni namba ya rafiki, nitumie elfu hamsini"), hapo nina mtego ninaoupenda kuliko yote. Usimuulize wewe nani. Muulize habari ya jambo ambalo halipo. "Pole mwanangu, vipi mguu?" Mwanao ambaye hakuumia mguu atashangaa: "Mguu gani tena, mama?" Tapeli atajibu kwamba unaendelea vizuri, ila hela ya dawa imepungua. Umemjua bila kugombana na mtu. Mfundishe bibi mtego huu kabla ya wote, kwa kuwa bibi ndiye anayetuma haraka, na akiufahamu atautumia kwa raha zake.

Hatua ya tatu: kata simu

Hii ndiyo ngumu. Anapiga mtu mwenye sauti ya ofisini, nyuma yake kuna kelele za watu wengine wanaozungumza kwa upole, na anakutaja majina yako matatu bila kukosea. Unajisikia mtu muhimu. Ofisi kubwa inakufahamu! Sasa nikuonyeshe alivyoyapata. Alianza kukutumia hela kwa simu yake, mtandao ukamwonyesha jina la mwenye namba kabla hajathibitisha, akalisoma, akaghairi muamala. Haikumgharimu hata shilingi.

Wa benki ana mbinu yake. Anakusomea tarakimu sita za mwanzo za kadi yako ili umwamini, halafu anakuomba umalizie zilizobaki. Tarakimu hizo za mwanzo zinaitambulisha benki na aina ya kadi. Wateja wengi wa benki hiyohiyo wanazo zilezile, na Visa zote zinaanza na 4. Alichokuthibitishia ni kwamba anajua benki yako, basi.

Baada ya hapo ataomba namba iliyoingia kwenye simu yako sasa hivi. Hiyo ndiyo kazi iliyomleta. Yeye yuko kwenye ukurasa wa kuingia, amebonyeza kwamba amesahau neno la siri, na mfumo umekutumia wewe namba ya kuthibitisha. Ukiisoma, umemfungulia mlango mwenyewe. WhatsApp inatuma tarakimu sita, na akizipata atakaa kwenye akaunti yako akiwaomba marafiki zako mkopo kwa jina lako na picha yako ile nzuri. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp leo, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba ya ziada unayoijua peke yako. Ni kazi ya dakika moja, hata mvivu anaimudu.

Kama ulimi wako hauwezi ufidhuli, nakupa uongo unaoheshimika Afrika Mashariki nzima: "Samahani, nipo msibani." Kisha kata. Halafu piga wewe, kwa namba unayoijua wewe: huduma kwa wateja ya mtandao wako, ambayo Tanzania ni 100, au namba iliyochapishwa nyuma ya kadi yako ya benki. Usiipige ile iliyokupigia. Safaricom kwa upande wake imeshawaambia wateja kwamba yenyewe hupiga kutoka 0722 000 000 pekee, hivyo Mkenya anaweza kukata simu nyingine zote "za Safaricom" kabla hata ya kusikia salamu.

Bado yupo yule anayelia. Ametuma laki mbili kwako kwa makosa, ni hela ya hospitali, mtoto yuko kitandani, tafadhali mrudishie. Na kweli kuna ujumbe wa muamala kwenye simu yako. Usiusome ujumbe, soma salio. Ingia kwenye menyu ya mtandao wako uangalie kilichomo, kwa sababu ujumbe unaweza kuandikwa na yeyote mwenye vidole. Na hata ukikuta hela imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Huenda ni ya mtu mwingine aliyeibiwa, inapitishwa kwako ili jina lako ndilo libaki kwenye kumbukumbu. Mwambie awasiliane na mtandao wake urudishe muamala. Kwenye M-Pesa ya Kenya mtumaji anapeleka ujumbe wa muamala 456. Aliyekosea kweli atafanya hivyo. Mwingine ataanza kukutukana, na hapo umeshapata jibu.

Hatua ya nne: hesabu vidole vyako

Tangu Januari 2020, Tanzania ilipoanza kuzima laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole, kidole chako ni sahihi. Sasa fikiria unavyokitoa. Unasimama juani chini ya mwavuli wa wakala, una haraka, anakwambia, "Weka tena, haijasoma." Unaweka. "Jaribu cha upande huu." Unaweka. Mawakala wengi ni watu wa haki wanaotafuta riziki, lakini yule mmoja mbaya, kwa kila kidole cha ziada, anaweza kuwa amesajili laini nyingine kwa jina lako. Laini hiyo inauzwa, inatumika kutapeli watu Mbeya na Mwanza, na polisi wakiifuatilia wanakutana na jina lako na sura yako.

Kwa hiyo kuwa msumbufu. Kikikataa mara ya kwanza, omba akuonyeshe kioo cha simu yake. Akisema mtandao unasumbua, chukua kitambulisho chako uondoke, uende kwenye duka la kampuni yenyewe hata kama foleni ni ndefu. Kisha ukifika nyumbani bonyeza *106#, fuata menyu, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kenya nao wanatumia *106# hiyohiyo. Ukiona usiyoijua, nenda dukani ikaondolewe, na usiahirishe mpaka mwisho wa mwezi.

Laini yako mwenyewe ifunge. Nenda kwenye mipangilio ya usalama ya simu, weka PIN ya laini, ili atakayeiba simu akaihamishia laini kwenye simu nyingine akute imefungwa. Kwa Mkenya wa Safaricom kuna *100*100#, inayozuia wakala yeyote kubadilisha laini yako. Ukiitaka upya itabidi uende dukani kwao mwenyewe. Na simu yako ikipoteza mtandao ghafla mchana kweupe wakati wa jirani zako unashika, usiizime na kuiwasha kwa matumaini. Azima simu, piga huduma kwa wateja uulize kama laini imehamishwa.

Hatua ya tano: chafua karatasi zako

Nenda stationery ukatoe kopi ya kitambulisho, uone zilizoharibika zinapoangukia. Ndizo wiki ijayo zinazofungia karanga. Umewahi kula karanga huku unasoma barua ya mtu ya kuomba kazi, yenye namba ya simu na jina la baba yake? Mimi nimesoma nyingi. Chukua kopi zako zote, hata zilizokatika, na kila unayoitoa ichoree mistari miwili ya mshazari, uandike katikati: "Ya kufungulia akaunti tu," na tarehe. Haipendezi kwa macho, ila inakuwa vigumu kuitumia kuombea mkopo. Kama uliituma picha kwa WhatsApp ya mwenye duka ili aichapishe, ifute kwa wote kabla hujalipa.

Na getini, pale mlinzi anapokupa daftari uandike jina, simu na namba ya kitambulisho, wakati mgeni wa nyuma yako anachungulia begani? Tumia mwandiko wa daktari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinachukuliwa kwa ajili gani. Uliza. Mara nyingi utaambiwa jina linatosha.

Programu za mikopo ya haraka, zile zinazoomba ruhusa ya kusoma namba za watu wako wote kabla hazijakupa elfu thelathini, sina hatua yake maalumu. Usizipakue. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni.

Hatua ya sita: kadi yako iwe maskini

Kununua vitu mtandaoni huwezi kuacha, viatu vile umeshavipenda. Basi usinunue kwa kadi iliyobeba mshahara. Fungua akaunti ya pembeni, au tumia kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia pochi ya simu, uiache bila kitu. Weka hela ya viatu, nunua viatu, iache tena tupu. Atakayeiba namba zake atakuta vumbi. Ile kadi kuu, zile tarakimu tatu za nyuma ziandike mahali pa siri nyumbani, kisha zizibe kwa stika. Mhudumu wa hoteli hazihitaji kukutoza kwenye mashine. Mwambie alete mashine mezani. Kadi isiende matembezi jikoni bila wewe. Kwenye ATM funika vitufe kwa mkono wa pili hata kama uko peke yako, maana kamera ndogo haikohoi.

Hatua ya saba: ukishapigwa, piga kelele

Huenda siku moja utapigwa hata hivyo. Watu wenye akili nyingi wamepigwa: mahakimu, walimu, watumishi wa benki. Kinachommaliza mtu ni aibu, kwa sababu anakaa kimya siku tatu ili asichekwe, na katika siku hizo tatu hela inatolewa kwa wakala na laini inatupwa. Chekwa mapema. Dakika ileile piga huduma kwa wateja wauzuie muamala, kisha benki wafunge kadi. Nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako, kwa kuwa kampuni na benki wataiulizia, na kosa lenyewe liko kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Usifute ujumbe hata mmoja, hata ule unaokuaibisha, upige picha.

Na kama laini yako ndiyo iliyoibwa, kabla ya kuondoka kituoni azima simu ya afande au ya aliyekusindikiza, wapigie watu watatu wenye midomo mipana kuliko wote katika ukoo. Waambie namba yako imeibiwa, na yeyote atakayeombwa hela kwa jina lako asitume. Magrupu yote ya familia yatakuwa na habari hiyo kabla hujapanda daladala.