Kijiko Kimoja cha Ngano

Baba watoto alikuwa mtu wa tumbo. Akimaliza kula linajaa gesi mpaka anafungua mkanda. Leo anaharisha, kesho hapati choo. Suruali zikaanza kumpwaya. Zahanati walimpa dawa za minyoo, zikafuata za amiba, kisha za vidonda vya tumbo. Alipopimwa damu ikaonekana pungufu, akapewa vidonge vya madini ya chuma, nami nikamwongezea matembele na maini. Damu ikapanda kidogo, ikashuka tena. Shangazi yake akasema huo ni mkono wa mtu. Mimi nilichokuwa nakiona ni mwanamume aliyezoea kujitwika gunia la mkaa peke yake, sasa akitoka kuoga inabidi ajilaze kwanza ndipo avae.

Aliyetuvusha ni daktari kijana ambaye, badala ya kuandika dawa nyingine, aliuliza chakula. Asubuhi unakula nini? Chapati na chai. Saa nne? Maandazi. Jioni? Mkate, au tambi watoto wakizitaka. Akatueleza kwamba ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai zina protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike lisikatike. Wapo watu ambao kinga ya mwili wao ikikutana na gluteni huushambulia utumbo wao wenyewe, ule mwembamba. Ndani ya utumbo huo mna vijinyweleo vinavyofyonza chakula. Vikisinyaa, mtu anakula na kushiba, lakini madini ya chuma yanampita tu. Ndiyo maana vidonge vyetu havikufua dafu. Ugonjwa huo huitwa seliaki.

Nikasema basi, unga wa ngano unatoka leo. Daktari akanikataza. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza kwa sababu ya gluteni. Ukiacha ngano mapema zinapungua, na mgonjwa anaweza kuambiwa ni mzima. Kwa hiyo ikabidi niendelee kumsukumia mume wangu chapati kila asubuhi, nikijua huenda ndizo zinazomwumiza. Zile chapati sikuzisukuma kwa mikono tu, jamani, niliisukuma na roho yangu. Majibu ya damu yalipotoka tukapelekwa Dar es Salaam, akaingizwa kamera kupitia kinywani na kuchukuliwa vipande vidogo vya nyama ya utumbo. Vikathibitisha. Kidonge cha kuuponya ugonjwa huu hakuna. Dawa ni kuacha gluteni maisha yote.

Kazi ikawa kwa mama mkwe, tunayekaa naye hapa Tanga. “Ngano imekuwa sumu lini? Marehemu mume wangu kala mkate mpaka siku anazikwa.” Nikamsimulia habari za Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, aliyekuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa nchi ile na watu wengi wakafa kwa njaa. Mkate ukaadimika, lakini watoto wenye seliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, na ugonjwa ukarudi. Mwaka 1950 Dicke akayaeleza madhara ya ngano kwa wagonjwa hao katika tasnifu yake. Mama alinyamaza kitambo. Njaa anaijua, bado hutaja ile ya 1974 na unga wa njano wa msaada. “Basi kama ni hivyo,” akasema, “mwanangu ale ugali.”

Na chakula kipo. Wali, sembe, muhogo, ndizi, mbaazi za nazi, maharage, samaki wa pwani yetu: hakuna hata kimoja chenye gluteni. Shida ni vinavyoandamana navyo. Uji wa lishe, mara nyingi mchanganyiko wake una ngano. Bhajia za mtaani, muuzaji huongeza ngano kwenye unga wa dengu upate kuzidi. Muhogo uliokaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga maandazi nao umeshachafuka. Nikamnunulia kikaango chake na chekeche yake, na unga wake nikawa nasagisha kwenye mashine isiyosaga ngano.

Akaanza kurudi mwilini, hata damu ikapanda. Lakini kukawa na jambo: kila Jumatatu tumbo linamshika. Nikaishuku sosi ya soya, nikaitoa. Nikaushuku unga wa kukolezea mchuzi, nao nikautoa. Jumatatu ikifika, tumbo palepale.

Jumapili ni siku ya vitumbua, na vitumbua ni vya mchele, nani angevishuku? Alfajiri moja nikakaa na mama jikoni. Mchele ulikuwa umelala majini usiku kucha. Akausaga na tui, akatia iliki, sukari na hamira, akafunika ukaumuka. Alipofunua, akanyoosha mkono juu ya kabati, akashusha kopo, akachota kijiko cha unga mweupe.

“Mama, hiyo ni nini?”

“Ngano kidogo tu, ya kushikisha. Bila hii vinameguka.”

“Si tulisema ngano hapana?”

“Chapati nimeacha. Hiki ni kijiko.”

Kisha akakaa kwenye kigoda, kile kijiko mkononi. “Kumbe ni mimi ninayemlisha hiki mwanangu?”

Nilimwambia, na narudia hapa, kwamba hana kosa. Hakuna aliyemwambia kuwa kijiko nacho kinahesabika. Kanuni za kimataifa za Codex zinataka chakula kinachonadiwa kuwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kilo moja. Kijiko kile kilipita mpaka huo mara nyingi. Jumapili iliyofuata mama alisaga konzi ya wali uliolala pamoja na mchele, vitumbua vikashikana, na Jumatatu mume wangu akaenda kazini mzima.

Watoto nao tumewapima, maana ugonjwa huu hufuata damu ya familia. Wako salama, ila tumeambiwa tuwapime tena, kwa kuwa unaweza kujitokeza hata ukubwani.

Kama una mtu nyumbani ambaye tumbo halimwachi na damu haipandi, omba apimwe seliaki kabla hujamwachisha ngano. Nanyi mnaotualika kwenye shughuli, baba watoto atakuja na atakula. Mtuambie tu kila kilichoingia sufuriani, hata kile kilichotiwa kwa ncha ya kijiko.