Fungua Kifuniko Kwanza: Namna ya Kulichagulia Gari Petroli

Ukifika sheli, kabla hujamwambia mhudumu "jaza," shuka. Shuka mwenyewe, hata kama jua la Dar limekaa utosini. Zunguka hadi kwenye mdomo wa tenki, fungua kifuniko, inamisha kichwa usome. Kuna watu wameishi na gari miaka sita na hapo hawajawahi kupatazama; anayepajua ni kijana wa pampu peke yake.

Kama gari limetoka Japani, kama yalivyo mengi ya barabara zetu, huenda ukakuta kibandiko cha Kijapani. Kipige picha, simu ikutafsirie. Kikisema petroli ya kawaida, basi gari lako ni la watu wote: kiwango cha Japani kinataka petroli hiyo isipungue oktani 89. Kikisema ya daraja la juu, ile ambayo Wajapani wenyewe huiita haioku, kiwango ni 96 na kuendelea. Kibandiko kikiwa kimebanduka, kamata kitabu cha gari. Usimuulize jirani, kwa kuwa jirani atakujibu kuhusu gari lake.

Sasa lile swali ambalo kila kijiwe kina jibu lake: oktani ni nini? Kijiweni watakuambia ni nguvu, na hapo ndipo pesa zinapoanza kupotea. Oktani ni subira. Ndani ya silinda, pistoni huushindilia mchanganyiko wa hewa na petroli, na kitu kikishindiliwa hivyo hupata joto kali. Petroli inatakiwa itulie mpaka moto ulioanzia kwenye plagi uifikie. Isiyo na subira ya kutosha hulipuka yenyewe pembeni kabla ya zamu yake, kama yule shangazi anayepiga vigelegele wakati bwana harusi bado yuko kwenye foleni ya Mwenge. Furaha ni ileile, lakini ratiba imevurugika. Mafundi husema injini "inagonga": utasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya debe, na ukiiacha igonge hivyo safari hadi safari, pistoni inaweza kutoboka.

Namba zenyewe zilitokana na kazi ya mkemia Graham Edgar, Marekani, mwaka 1926. Alichukua kimiminika chenye subira sana, isooktani, akakipa 100. Akachukua heptani, isiyo na subira hata chembe, akaipa 0. Petroli ya 95 ni ile inayovumilia kama mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na 5 za heptani. Hakuna mahali hesabu hiyo inapopima nguvu.

Kwa hiyo shemeji akija likizo kutoka Houston akajigamba kwamba kule anajaza 87 na gari linapaa, mkaribishe chai. Wamarekani huandika kwenye pampu wastani wa vipimo viwili, na sisi huandika kimoja, kile kinachotoa namba kubwa. Hiyo 87 yake ni kama 91 au 92 ya kwetu. Mnajaza kitu kinachokaribiana.

Wazee nao watakuambia petroli ya zamani ilikuwa kali. Subira yake ilikuwa ya risasi, dawa ambayo Thomas Midgley aliigundua mwaka 1921 katika maabara ya General Motors. Risasi ile iliingia kwenye damu za watoto na kudhoofisha akili zao, na Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Tusiitamani.

Nani basi alipe ya bei ya juu? Mwenye gari lililoandikwa hivyo. Forester ya turbo kutoka Japani mara nyingi huitaka kweli: turbo hushindilia hewa zaidi, na subira inayohitajika ni kubwa zaidi. Ukiinyima, sensa yake itasikia kugonga huko na kompyuta itachelewesha cheche ili kuilinda injini. Utaona imekuwa nzito na inakunywa zaidi. Lakini Vitz iliyoandikwa ya kawaida, ukiijaza ya bei ya juu, haitageuka Forester. Itaichoma tu. Hiyo tofauti ya bei nunulia oili nzuri, au tairi, maana hilo la mbele kushoto nimeliona. Na zile chupa za kuongeza oktani zinazouzwa kwenye maduka ya vipuri, soma kwa makini: mara nyingi "pointi 30" maana yake ni namba 3.

Ukishajaza, sikiliza. Mahali pazuri pa kusikiliza ni mlima Kitonga, ukitoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa. Bonde lile lina joto, gari limejaa watu na magunia, na dereva ameng'ang'ania gia kubwa huku amekanyaga mafuta hadi chini. Injini ikilia kokoto hapo, shusha gia, izunguke kwa wepesi, punguza mguu. Mara nyingi hunyamaza papo hapo, bure kabisa.

Isiponyamaza, na jana ilikuwa haigongi, kumbuka ulijaza wapi. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, na anayeyachanganya kwenye petroli anakuuzia kokoto. Tanzania jambo hilo tulilipatia jina letu, kuchakachua, na mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochezewa yatambulike. Gari la kaka yangu liligonga hivyo siku nzima baada ya kujaza kwenye kituo kimoja cha njiani, na fundi wa kwanza alitaka kufungua injini. Wa pili aliomba kunusa tenki. Mtafute huyo wa pili. Mwambie atoe mafuta yale, mengine kidogo uyatie kwenye chupa ya kioo, uandike tarehe na jina la kituo, uambatanishe risiti, uwapelekee EWURA. Risiti uliichukua, sivyo?